Mnatuuliza makaburi, bei hamtuulizi

Juzi nimetumiwa kwa WhatsApp tangazo la mkutano wa kushirikisha umma, mradi wa sola huku kwetu pwani, sitautaja. Jumatatu saa nne asubuhi, kwa chifu, na ripoti ati kila mtu aipakue mwenyewe asome, likurasa kibao, Kizungu kitupu. Mama anayeuza mbaazi na mahamri afunge biashara asome PDF, sindio?

Hizi baraza nazijua. Soda, keki ya mfuko, na karatasi inazunguka: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Kuna moja nilikaa nyuma, mzee fulani akasimama akauliza, "Mwanangu, hii stima yenu yuniti itakuja shilingi ngapi?" Kijana wa mradi akatabasamu: "Mzee wetu, swali zuri, tumelichukua. Kwa leo tungependa kujua tu kama kuna makaburi au miti ya mizimu tuipitie kando." Mzee akaketi. Jina lake lilikuwa tayari kwenye karatasi, kwa hivyo kwa hesabu zao yeye ni mmoja wa waliounga mkono.

Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira. Tunaulizwa kuhusu vumbi, kelele, makaburi, vijana wangapi watapata kazi ya kuchimba mitaro. Mkataba wenyewe, ule unaosema Kenya Power itanunua kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na nani atalipa mambo yakienda mrama, huo hatuuoni, ati ni siri ya biashara. Biashara ya nani na mlipaji ni mimi?

Chukua upepo wa Turkana, ule wa kule Marsabit. Mitambo 365, megawati 310, kitu cha kujivunia kabisa, sibishi. Lakini mitambo ilikuwa tayari 2017 na laini ya kupeleka stima Suswa, kilomita 428, haijaisha, ikaja kuwashwa 2018. Sasa mkataba ulikuwa umesema serikali ikichelewesha laini inalipa. Ikalipa fidia ya mabilioni, na serikali haina pesa yake yoyote, wewe unajua, kwa hivyo mzigo ukaingia kwenye bili zetu. Mtu wa Kilifi aliyenunua tokeni ya mia mbili amechangia kulipia upepo uliovuma bure Loiyangalani. Nani alimuuliza? Hicho kipengele cha fidia kilisomwa kwenye baraza gani? Na wenyeji wa huko nao hawakuulizwa vizuri hata hilo la ardhi wanaloulizwaga watu, maana 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za zile ekari 150,000 hazikupatikana kwa njia halali. Yaani mwenye ardhi analia, mwenye bili analia, na kila mtu alishirikishwa!

Lamu ndio watu walikaza. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la mazingira likafuta leseni, likasema ile mikutano ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, ilifanywa kabla utafiti wenyewe haujakamilika. Alhamdulillahi. Lakini hata hapo ushindi ulikuja kwa mlango wa mazingira. Ule mkataba wa kulipa kila mwaka, mtambo ufanye kazi au ulale, haukuletwa mbele ya wavuvi wa Lamu waupigie hesabu, na wallahi wangeupiga, wale watu wanajua bei ya kila kitu mpaka ya barafu.

Za Adani, kampuni ya Uhindi, na mkataba wa laini za stima na Ketraco ya serikali mnazikumbuka, 2024, dola milioni 736. Kelele za kwetu hazikutosha, mahakama yetu ikausimamisha, na mkataba ukafutwa Novemba baada ya mashtaka ya Marekani dhidi ya Gautam Adani mwenyewe, ambayo aliyakana. Katiba ya 2010 kifungu cha 10 inataja ushiriki wa wananchi, lakini inaonekana inasikika vizuri zaidi ikisomwa New York.

Sawa, najua mtasema baraza zikipewa nguvu hakuna kitakachojengwa. Ni kweli Kinangop mradi wa upepo ulikufa baada ya maandamano ya 2015, mtu akapoteza maisha, na upepo bado unavuma bila faida. Ni kweli pia wengine huja kwa soda. Na stima tunaihitaji, hilo mtu asinihubirie, hapa kwangu ikipotea usiku mbu wanajua kabla yangu. Lakini watu wakifichwa bei watapigana kwa ardhi, kwa sababu ardhi ndiyo kitu pekee mlichowaachia cha kupigania.

Mkataba wa miaka 20 ukitafsiriwa kurasa mbili za Kiswahili, bei ya yuniti, muda, adhabu, nani analipa, ukabandikwa kwa chifu mwezi mmoja kabla, shida iko wapi? Karatasi mbili na gundi.

Uyombo, huku Kilifi, walikataa mtambo wa nyuklia 2024, wakapigwa na polisi kwa hilo, na sasa maneno yamehamia Siaya. Ndugu zangu wa Siaya, mkiitwa, msianze na kazi za vijana. Anzeni na bei. Mkiambiwa ni siri, ile karatasi ya sahihi ikifika kwako mpitishie jirani bila kuandika kitu.