Nipisheni, Nataka Kusimama Katikati ya Barabara

Jamani, mwenzenu nina ugonjwa. Nikiona picha ya zamani ya mtaa mkuu wa mji, mji wowote ule, nashikwa na simanzi ya vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Naulilia mtaa ambao ningekuwepo enzi zake, ningeshinda nikiulalamikia.

Ulianza na picha mbili za Fifth Avenue, New York. Ya kwanza ni ya Pasaka ya 1900: magari ya farasi yametanda barabara nzima, na motokaa moja imejipenyeza humo kama mtu aliyekosea harusi. Ya pili ni ya 1913. Mtaa uleule, Pasaka vilevile, ila sasa ni motokaa tupu, farasi unamtafuta kwa tochi. Miaka 13 tu! Mimi nina suruali ya miaka 13 na bado naiita ile mpya.

Nikawasikitikia wale farasi kwa sauti. Mke wangu akachungulia begani, akauliza, "Wote hao walikuwa wanajisaidia wapi?"

Nikaitazama tena picha. Nikaitazama barabara. Nikanyamaza. Kumbe picha inapendeza kwa sababu haina harufu.

Basi nikarudi nyuma zaidi, nikamfikia Mfaransa Daguerre, aliyepiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838. Mtaa kimya! Hakuna gari, hakuna msongamano, hakuna mtu wa kukukanyaga. Nikasema hapa ndipo ningehamia. Lo, kumbe ule mtaa ulikuwa umefurika. Kamera za wakati ule zilichukua dakika kadhaa kunasa picha moja, kwa hiyo kila aliyekuwa anatembea alifutika kama hakuzaliwa. Anayeonekana vizuri ni bwana mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Wenye shughuli zao wote wamepotea, yeye kaingia kwenye historia kwa sababu ya viatu vichafu. Kwa mtindo huo mimi, kwa foleni ninazosimama, ningetoka safi kuliko sanamu.

Na msidhani picha zilizofuata ni za kuaminika. Kuna filamu iliyopigwa Market Street, San Francisco, Aprili 1906, siku chache kabla ya tetemeko la tarehe 18 kuuangusha mtaa. Motokaa zinapishana mpaka unaona kizunguzungu. Ukikaza macho, unagundua ni zilezile, zinaizunguka kamera na kurudi tena, ili mji uonekane umeendelea! Kisha kuna kadi za posta za rangi, ambazo mafundi wake walifuta nguzo na nyaya za umeme, wakaacha mbingu safi. Nyaya zenyewe zilibaki palepale zikining'inia. Na sisi tunatazama kadi tunasema, "Zamani kulikuwa na utulivu."

Picha za baadaye ndizo zinazonipandisha presha. Mwaka 1935 Oklahoma City wakasimika mashine ya kwanza ya kulipia maegesho, na tangu hapo gari likisimama linalipishwa kama mpangaji. Miaka ya 1950 na 1960 ukafika uzuzu wa kufunika majengo mazuri ya matofali kwa mabati ya alumini ili yaonekane ya kisasa. Watoto wao wakaja kuyabandua ili yaonekane ya zamani. Fundi kalipwa mara mbili, jengo lilelile. London nao waliziondoa tramu zao, zile treni ndogo za barabarani, mwaka 1952, na mwaka 2000 tramu zikarudi kusini mwa jiji, eti maendeleo. Lakini linaloniua ni hili: linabomolewa jengo kupata pa kuegesha magari ya watu wanaokuja mjini kwenye majengo.

Nikaona ninung'unike kwa vitendo. Nikachukua picha ya zamani ya mtaa mkuu, nikaenda kupiga nyingine kutoka palepale. Siri ya kazi hii ni kutotazama chini. Chini ni maduka, na duka hubadilika kila ukipepesa macho. Tazama ghorofa ya pili, kwenye madirisha na mapambo ya ukuta. Huko juu hakuna anayejisumbua kupaka hata rangi. Nikalinganisha dirisha na dirisha, hatua moja kushoto, mbili nyuma, nusu hatua… barabara! Nilipopapata penyewe, nikagundua mpiga picha wa zamani alisimama katikati ya barabara. Yeye aliweka kamera yake ya miguu mitatu pale na watu wakamkusanyikia kumshangaa. Mimi nilikusanyikiwa na honi.

Trafiki akaja. "Mzee, umepotea?"

"Hapana afande, nipo mahali penyewe hasa."

Alinishika mkono akanivusha kama mtoto wa chekechea, nami huku nikivutwa nikabonyeza. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwonyesha mke wangu.

"Hili ni lori," akasema.

"Mtaa uko nyuma yake."

Akaisogeza karibu na macho, akaitazama muda mrefu. "Lori zuri," akasema. "Iandike mwaka."