Mwenye Nyumba Amekufa

Samaki wetu anaitwa Mwenye Nyumba. Ni oska, asili yake mto Amazon huko Amerika Kusini, ila ni ukoo mmoja na sato na perege, ndiyo maana shemeji zangu wakija huanza kuulizia ndimu. Nilimnunua akiwa saizi ya kidole. Muuzaji aliniapia kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Uongo mtupu! Oska anapita sentimita 30, na huyu wangu kabla hajafika hapo alishang'oa mimea yote, akahamishia changarawe kona moja, na kuwameza wapangaji wenzake. Ukipita mbele ya kioo anakusindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Jina alipewa na mwanangu.

Kiumbe wa hivyo anachafua maji balaa. Kila wiki natoa theluthi ya tangi kwa mpira: unavuta kwa mdomo, maji yakija unatumbukiza ncha kwenye ndoo, yanashuka yenyewe. Kisha najaza mengine yaliyolala kwenye mapipa klorini ipungue. (Hita hatuna. Joto la Sinza linamtosha.)

Jumamosi moja nikazamisha mkono kufyonza uchafu chini ya tangi. Mwenye Nyumba akaona kiwanja chake kimevamiwa, akaja mbio, akaning'ata kidole gumba. Meno ya oska ni madogo, ila ule mshtuko! Nikaruka nyuma, ndoo ikapinduka, nami nikakimbilia bafuni kuhakikisha kucha ipo. Mpira nikauacha sakafuni unamwaga. Niliporudi, sebule ilikuwa Jangwani wakati wa masika, na maji yalishapata tundu la waya wa taa. Chini yetu anaishi mwenye nyumba halisi.

Sasa oska akisusa hujilaza ubavu kama maiti. Mwanangu akapiga ukelele: "Baba! Mwenye Nyumba amekufa!"

"Hajafa!" nikajibu huku nakamua matambara. "Mshenzi huyo anajifanya tu. Kazi yake kula na kusumbua watu. Iko siku nitamkaanga!"

Kugeuka, mzee yuko mlangoni, kofia inachuruzika maji ya kahawia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia.

Mke wangu akawahi: "Baba, tulikuwa tunamsema samaki."

"Samaki gani?"

"Oska," nikasema.

"Mwenye Nyumba," akasema mwanangu.

Mzee akainama, akamuuliza kwa upole, "Kwa nini anaitwa hivyo, mjukuu wangu?"

"Ana tumbo, halafu hataki watu waguse vitu vyake."

Mke wangu akakumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni. Mzee akasogea kwenye kioo. Maiti ikafufuka, ikatanua mashavu, wakabaki wanapimana wawili wale.

"Hili linaingia lita ngapi?"

"300, baba."

"Na maji mnabadilisha?"

"Kila wiki!" mwanangu akadakia. "Ndoo nyiiingi!"

Bili ya maji pale tunagawana sawa, nyumba nzima. Mzee akatoa simu, akabonyeza hesabu zake polepole, akanitazama.

"Kumbe ni wewe! Na mimi miezi yote hii namgombeza mama wa chumba cha uani kwamba anafua sana."