Jina la babu si jina la ukoo

Watu wengi wa mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, hawana jina la ukoo kwa maana inayotakiwa na fomu za siku hizi. Mtu ana jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake, na anayetaka kujieleza zaidi humtaja baba wa huyo babu, mpaka kumbukumbu ya nyumba yao inapoishia. Ninaandika kuutetea utaratibu huu, kwa kuwa naona tunauacha bila hata kuujadili. Kisanduku cha mwisho kinadai jina la ukoo, mzazi anakijaza kwa jina la babu, na kuanzia hapo wana, wajukuu na vitukuu wanaandikwa kwa jina hilohilo moja.

Wazee wetu waliandikaje? Mshairi wa karne ya 19 aliyetunga tenzi huku kwetu alijulikana kama Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi el-Buhriy, na ndani ya jina hilo mna vizazi vitano pamoja na kabila lake. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa na Wajerumani Pangani mwezi Desemba mwaka 1889, na Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyepigana nao wakati huohuo, wote walitambulishwa kwa baba zao. Hata Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, hakuwa na ukoo uitwao Robert, na Shaaban ni jina la mwezi wa nane wa Kiislamu.

Tatizo la kuligandisha jina la babu linaonekana wazi tukiangalia majina yenyewe yanatoka wapi. Mengi ya majina ya pwani humhusu mtu mmoja na saa aliyozaliwa. Juma na Mwanajuma ni wa siku ya Ijumaa, Hamisi na Mwanahamisi ni wa Alhamisi, Rajabu na Ramadhani wana miezi yao, na Idi na Mwanaidi walikuja wakati wa sikukuu. Mosi, Pili na Tatu hueleza nafasi ya mtoto kwa mama yake. Mwanamvua alizaliwa mvua ikinyesha, Chausiku akazaliwa usiku, na akina Tabu, Shida na Sikudhani wamebeba habari ya nyumba nzima katika mwaka fulani mgumu. Jina la namna hiyo linapofanywa kuwa la ukoo, msichana aliyezaliwa Jumatatu ya mwaka huu anaitwa Hamisi kwa sababu baba wa babu yake alizaliwa Alhamisi, na jina halisemi tena lolote juu yake wala juu ya baba yake. Tena Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, peke yake ina akina Hamisi wengi mno, wasio na udugu wowote. Kinachowatofautisha ni mfuatano wa majina, na mfuatano huo ndio tunaoukata.

Utaratibu wa zamani una uzuri mwingine ambao ningesikitika sana kuuona ukipotea. Mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi hupewa jina la babu mzaa baba, hivyo hupatikana Hamisi Juma Hamisi, na mama, ambaye kwa adabu hawezi kulitaja ovyo jina la mkwewe, humwita mwanawe "baba". Jina linarudi likiwa na heshima yake, bila kulazimishwa na karatasi. Huko Usambaa jina la Kimweri lilibebwa na watawala zaidi ya mmoja wa Vugha, makao makuu ya Wasambaa, na ndiyo maana yule aliyefariki mwaka 1862 hutajwa kwa ukamilifu, Kimweri ye Nyumbai.

Kwa wanawake, hoja ni nzito zaidi. Mwanaidi binti Omari alibaki kuwa binti Omari baada ya kuolewa, akiachika na akifiwa na mume, na nasaba yake haikuguswa na ndoa. Sioni kwa nini tuliite jambo hilo kuwa la kizamani.

Wapo jirani zetu wenye majina ya ukoo ya kweli, yakiwemo mengi yanayoanza na She au Se miongoni mwa Wasambaa, Wabondei na Wazigua, na wapo wenye nisba za Kiarabu, yaani majina ya kabila kama el-Buhriy, zilizodumu karne nyingi. Hao waandike ukoo wao kwa fahari. Nakubali pia kwamba benki, shule na pasipoti zinahitaji majina yasiyobadilika, na mtu aliyeandikwa Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa kisha Othman kwenye cheti cha kidato cha nne anajua gharama ya kwenda kula kiapo mbele ya wakili. Hata hivyo, kinachohitajika hapo ni kuandika majina matatu yaleyale, kwa tahajia ileile, tangu siku ya kumsajili mtoto. Fomu ziwe na nafasi ya jina la mtoto, jina la baba na jina la babu, na nafasi ya ukoo iachwe wazi kwa asiye nao, bila karani kumwambia kwamba fomu yake haijakamilika.