Dada wa Mgahawani Analipwa kwa Saa Ngapi?

Kwenye mlango wa mgahawa mmoja hapa London kuna stika ndogo isiyozidi kiganja. Inamwambia mteja kwamba mwajiri huyu amethibitishwa kulipa ujira unaotosha kuishi. Kiwango chake hupangwa upya kila mwaka kwa kufuata gharama za maisha. Kile cha London kilichotangazwa Oktoba 2024 kilikuwa pauni 13.85 kwa saa, wakati kima cha chini cha kisheria kuanzia Aprili 2025 kilikuwa 12.21. Mtu ananunua chai, anasoma, anaelewa. Stika hiyo imenifurahisha, halafu ikanikera, maana nimekumbuka tunavyozungumzia mishahara kule kwetu Mwanza.

Sisi tunasema "wanyonge wanaumia", "maslahi ni duni". Mei Mosi ikifika tunavaa fulana na kubeba mabango, kesho yake kimya. Msikilizaji anasikitika, anasema Mungu atawasaidia, anapanda daladala ya Buzuruga. Hajaambiwa ni shilingi ngapi, kwa saa ngapi, wala nani abadilishe nini.

Najua mnayotaka kusema: "Kashashika pauni, sasa anatufundisha." Jamani, sijasema huku ni peponi. Wapo watu huku wenye mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi, na wapo wahudumu wa wazee wasiolipwa muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Marekani kima cha chini cha shirikisho kimeganda kwenye dola 7.25 tangu 2009. Hata hiyo stika haikushushwa na serikali. Kampeni yake ilianza 2001, wakazi wa London Mashariki walipoungana na makanisa, misikiti na shule zao. Sitaki tulete pauni. Nataka tulete hesabu, na hesabu yenyewe imo kwenye sheria yetu.

Chukua dada anayehudumia mgahawani Nyakato, tuseme kwa 200,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwezi unahesabiwa wiki 4.333. Hizo ni saa 195, sawa na shilingi 1,026 kwa saa. Sasa muulize anaingia na kutoka saa ngapi. Anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 12 jioni, siku sita, na chakula anakula amesimama. Hapo zimefika saa 72 kwa wiki, na ile 1,026 imeshuka hadi 641.

Saa 27 kila wiki ni za ziada. Sheria inataka zilipwe mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika wiki nne. Yeye anafikisha 108. Ziada peke yake ingekuwa kama 180,000 kwa mwezi, karibu mshahara mwingine mzima. Hayo yote, ukiyapeleka redioni, yanaingia kwenye sentensi moja: "Dada anayekuletea chai anafanya kazi saa 72, analipwa za 45." Aliyeisikia hawezi kujibu kwamba ni mvivu.

Na uvivu usiutaje. Ukianza na "si kweli kwamba vijana ni wavivu", kinachobaki kichwani mwa msikilizaji ni uvivu. Picha ya mama anayeanika dagaa mchangani na mtoto mgongoni nayo inakuponyoka: watu wanauliza baba wa mtoto yuko wapi, au wanachanga mara moja wanaondoka. Onyesha kazi na malipo yake. Usiseme "mtu wa hali ya chini", sema "kazi inayolipa kidogo", kwa sababu kilicho chini ni malipo. Na usitoe jina wala sura ya mfanyakazi, kesho atakuta nafasi yake imejazwa.

Ziwani kuhesabu saa hakutoshi. Mvuvi wa dagaa analipwa kwa mgao, na mafuta hukatwa kwanza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Ukisema jana kapata kiasi fulani bila kutaja makato na usiku asioingia ziwani, umepotosha, hata kama nia yako ilikuwa kumtetea.

Wala msiniambie hesabu hizi ni ngumu kwa watu wetu. Mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, anajua gunia la dagaa litamrudishia kiasi gani likifika Kongo kabla lori halijawashwa! Ndiyo maana inaniuma. Samaki tunampigia hesabu mpaka shilingi ya mwisho, lakini aliyempaa magamba tunamwita mnyonge tu.

Mtasema mama lishe atafunga. Basi tumpigie na yeye. Ana wasaidizi wawili na anauza sahani 80 kwa siku. Akiwaongeza 2,000 kila mmoja kwa siku, ni 4,000 kwa sahani 80, yaani shilingi 50 kwa sahani. Mtajie mteja hiyo 50 kabla hujamwomba amuunge mkono dada. Na stika haihitaji kiwanda. Kipande cha boksi na kalamu ya maka vinatosha kuandika mlangoni: "Hapa zamu ni ya saa tisa. Ziada inalipwa."