Tairodi Yenyewe Haikupinda!

Jamani na mimi naomba nisikilizwe, maana tangu jana jioni simu haitulii, klipu ni ileile moja inazunguka makundi yote, na huyo aliyeirusha, ambaye mpaka jana mchana nilikuwa namwita ndugu yangu, ameiandikia juu "jamaa kapeleka bagi kuogelea", yaani hiki kigari changu cha mabomba cha kupandia mawe na tope. Sasa hivi hadi watu tusiojuana wananipa pole. Pole za kucheka nazijua mimi, zina "ha" nyingi mbele.

Hoja ya kwanza, na hii nayo muisambaze kwa kasi hiyohiyo: tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani kugeuza tairi la mbele, haikupinda. Rudini kwenye klipu, vuteni karibu, imenyooka vilevile nilivyoifunga.

Mnaonifuata siku nyingi mnayajua mateso yangu na zile tairodi za zamani. Fimbo ya chuma ya milimita 16, ndefu, imetoka kwenye reki ya stelingi, kile chuma cha meno kinachosukumwa kushoto na kulia na usukani, pale katikati mpaka kwenye kimkono cha habu, kitovu cha tairi, ukiparua jiwe kidogo tu na tairi la mbele inakunjika, halafu unarudi mdogomdogo tairi moja limegeukia nje na wenzako wako nyuma wanakupigia honi za kejeli. Nilikuwa natembea na tairodi za akiba nimezifunga kwenye mabomba ya keji inayomzunguka dereva, utadhani naenda kuwinda. Nikachoka. Nikasema sasa tunaimarisha.

Nikatafuta bomba la kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, nje milimita 25, ukuta wake milimita 3. Hapa nivumilieni niwape somo kidogo, maana ndiyo sehemu pekee ya habari hii inayonipa heshima. Fimbo ndefu ikisukumwa kutoka ncha zote mbili inabinuka katikati, na kinachoizuia kubinuka ni unene wa mwili wake kuliko kitu kingine: fimbo ya kipenyo mara mbili ina ugumu mara 16. Lile bomba langu ni gumu karibu mara nne ya ile fimbo na uzito wao karibu sawa, kwa sababu chuma kimehamia pembeni ambako ndiko kwenye kazi. Kromoli yenyewe, kwa wale mnaoiabudu, haina ukakamavu kuliko chuma cha kawaida, ila inachelewa kubaki na kilema. Ncha moja nikaiwekea uzi wa kulia, nyingine uzi wa kushoto, ukizungusha bomba tairi linaingia ndani au linatoka nje, ukiridhika unakaza lok nati, ile nati ya kuzuia lisizunguke tena, kazi imeisha. Picha niliwawekea, mnakumbuka, mkanisifia mpaka nikaanza kujiita injinia.

Kuna fundi mmoja wa kuchomelea aliuliza swali moja tu: "Kaka, na hiyo bolti?" Nikamjibu kwa dole gumba.

Sasa habari ya bolti. Tairodi ikikaa kwa pembe isiyoendana na mikono ya saspensheni inayobeba matairi, kila bagi likiruka matairi yanajigeuza yenyewe hata kama usukani umeushika imara. Ili kuliondoa hilo nikainua ncha ya ndani ya tairodi kwa spesa, kibomba kifupi cha kuinulia, sentimita 4 juu ya reki, bolti ndefu ya milimita 12 ikapita katikati ya spesa ikashikiliwa chini. Juu ilikuwa haijashikiliwa na kitu, iko hewani inakula upepo. Lakini pembe zilikaa vizuri, msione hivi, zilikaa vizuri ajabu.

Jana kabla ya kuanza nikafanya maonyesho. Hakuna aliyeniomba. Nilichukua bomba la tairodi ya akiba, nikalilaza juu ya mawe mawili, nikamwita jamaa yetu mmoja mwenye mwili wake apande. Akapanda. Akarukaruka. Bomba halikutingishika. Basi nikawageukia watu nikasema kwa sauti, na inaniuma kwamba hii imo kwenye klipu: "Kuanzia leo mawe ndiyo yatakuwa yananikwepa mimi!"

Njia yenyewe ni mteremko mfupi wa tope, mawe mawili makubwa, chini dimbwi, watu wamekaa pembeni. Mwendo wangu naapa haukuzidi wa mtu anayetembea kwa miguu, na hapo ndipo panaponiuma, maana ningekuwa mbio ningekuwa na cha kusingizia.

Tairi la kulia likapanda jiwe la kwanza, likashuka safi kabisa. Nikatoa mkono nikawapungia. Likafika la pili, likaligonga kwa ubavu, nikasikia tik. Siyo kishindo wala nini, tik, sauti ndogo yenye adabu zake. Usukani ukawa mwepesi. Na mimi, mtanisamehe, wazo lililonijia kichwani ni kwamba aah, kumbe tairodi mpya zinalainisha na usukani! Nikatabasamu. Hilo tabasamu wameshaligandisha wametengenezea stika, nimetumiwa na mama yangu mzazi.

Nikakata kushoto nikwepe dimbwi. Tairi la kushoto likatii, likageuka kushoto. Sasa bagi halina boneti, matairi yote mawili ya mbele unayaona hapo mbele yako, kwa hiyo hakuna kilichonipita: tairi la kulia lilitulia kidogo, likafikiria, halafu taratiiibu likageuka kulia. Nikaongeza kushoto. Nalo likaongeza kulia. Nikazungusha mpaka mwisho, nikarudisha, nikazungusha tena, mikono inapishana kwa ustadi wa hali ya juu, ukinitazama mabegani unasema huyu dereva, na bagi wala halina habari, limepewa njia mbili likachagua ya tatu, linashuka katikati kuelekea majini. Breki nilikanyaga. Wanaosema sikukanyaga ni waongo, matairi yalisimama kabisa, tope ndilo lililoendelea na safari. Na ule ukimya jamani! Hakuna aliyepiga kelele, kwa mwendo ule ungeanzaje kupiga kelele, watu walikuwa wanageuza shingo tu kunisindikiza. Nilipata muda wa kutazamana na mtu mmoja mmoja. Kuna mzee nilimwamkia, naye akaitikia.

Katika ukimya huo mtoto akauliza, sauti safi ya shule: "Mama, mbona matairi ya anko yamenuniana?"

Mama yake akamjibu: "Nyamaza, anko anaegesha."

Pua ikazama. Maji yakaingia kwa chini, yakapanda magotini, yakaja kunisalimia kiunoni, bagi likalala upande wa kulia na mimi nikabaki nimening'inia kwenye mkanda. Ule mkanda wa pointi tano una kitufe kimoja tu cha kufungulia, na kitufe kilikuwa kimejaa tope, nabonyeza hakisikii. Mikono yote miwili ikarudi kwenye usukani, nikakaa wima na helmeti yangu, natazama mbele. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Huyu niliyekuwa namwita ndugu akaja mpaka ukingoni, nikadhani anakuja kunifungua, kumbe anatafuta mwanga mzuri wa kupigia video. Na kuhusu ile sauti mnayosema nililia "mama": nilisema "maji". Kwenye helmeti yanafanana.

Mengine ya kawaida tu. Binti mmoja akanivuta na pikipiki yake ya magurudumu manne, nafikiri hata leseni ya baiskeli hana, tairi la kulia tukalifunga kwa mkanda wa rachi litazame mbele, nikarudi nyuma ya watu wote, nikaoga, nikazima data. Nikawasha data. Nikajuta.

Yule fundi wa kuchomelea alikuwepo. Alikiokota kipande cha bolti kilichobaki kwenye reki, akakigeuza kwenye mwanga, akanitazama, akanipigia dole gumba. Hakusema neno. Baadaye ndiyo akanipa hesabu, na mimi nawapa kama nilivyopewa: bolti ya milimita 12 ya daraja la uimara 8.8 ukitaka kuikata kwa kuisukuma ubavuni, pale pale inaposhikiliwa, utahitaji karibu tani 4. Ukiivuta ubavuni kwenye ncha yake ya juu ikiwa imesimama sentimita 4 hewani, imeshageuka wenzo, inasalimu amri kwenye kilo mia chache. Zamani tairodi ndiyo ilikuwa inapokea kichapo, inapinda, wengine wote wanalala salama. Safari hii tairodi ilikataa kupigwa, kichapo kikapita kikaenda kumtafuta mwingine ndani.

Kwa hiyo sasa hivi inachomelewa breketi yenye sahani mbili, bolti ishikiliwe chini na juu, spesa ibaki katikati yake, pembe zangu nzuri zisiguswe. Na ile tairodi inarudi hiyohiyo, nimeipangusa tu na kitambaa kwa sababu, sijui kama nimewaambia, haikupinda. Fundi ameshaviangalia na vibano vinavyoshika reki kwenye chesisi, akaguna. Sijamuuliza anaguna nini, kila mtu ana namna yake ya kupumua.

Jumamosi tunajaribu tena mteremko uleule. Mnaotaka kuja karibuni sana, ila kaeni upande wa kushoto.