Kiingilio Nimelipa, Kivutio Nimekuwa Mimi

Mara kumi na tano! Mhindi rupia 40, mimi rupia 600, na mapango ya Ellora, huku India, ni yale yale. Nimemuuliza kijana wa dirishani kama sisi wageni kuna mahali pa ziada tunapoonyeshwa, labda chumba cha ndani chenye kiti na maji baridi. Akanitazama, akasukuma tiketi, akamwita anayefuata.

Mpwa wangu akajitia hekima: "Lakini mjomba, hata Serengeti mgeni analipa dola na sisi tunalipa shilingi." Najua. Kule mimi ndiye mwenyeji, na utaratibu ule haujawahi kunikosesha usingizi. Halafu kumbe Mnepali na wa Sri Lanka wanalipa bei ya Kihindi, eti majirani. Nikarudi dirishani kueleza kwamba na sisi ni majirani, tena bahari iliyopo katikati inaitwa ya Hindi, na nusu ya maduka ya Kariakoo yangeweza kunitolea ushahidi. Dirisha halikusikia.

Nilikuja mji wa Pune kumwakilisha dada kwenye mahafali ya huyu mpwa. Mahafali yakaisha, nikataka kurudi nyumbani kwa amani. Hapana, mjomba, huwezi kuondoka bila kuona mapango ya Ellora na Ajanta. Basi la usiku kucha mpaka mji ambao tiketi inauita Chhatrapati Sambhajinagar, jina rasmi tangu 2023, na kila mwenyeji unayemuuliza njia anauita Aurangabad. Nimeshuka shingo imeelekea kaskazini, mwili umeelekea kusini.

Haya, Ellora. Mlima mmoja, mapango 34 yaliyochongwa na watu: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu, 5 ya Wajaini, dini nyingine ya kale ya huku, yamepangana kwa zaidi ya kilomita moja na hakuna aliyemjengea mwenzake ukuta wa kuziba njia. Kule kwetu mtaani nusu mita ya mpaka imeshafika baraza la ardhi.

Lile kubwa ni la 16, wanaliita Kailasa, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la karne ya nane. Siyo pango kama ninavyolijua mimi pango. Ni hekalu zima, lenye mnara, ua, nguzo na tembo wa mawe, lote limetoka kwenye jiwe moja bila kuunganishwa kipande. Na walianzia juu! Walichonga kilele kwanza wakashuka nacho mpaka chini, wakatoa mawe yanayokadiriwa kuwa tani laki mbili. Fundi wangu wa Mbagala ameanzia msingi, pesa amekula, na linta hatujaiona. Hawa walianza na paa wakamaliza. Wakati huo mfalme alikuwa mmoja anaitwa Krishna wa Kwanza, na ningependa sana kujua alikuwa anawalipa kwa siku au kwa kazi.

Basi nimesimama uani, mikono nyuma, uso juu, kwa heshima inayomfaa mzee aliyelipa 600. Shati likavutwa. Kijana, simu mkononi: "Anko, picha moja." Nikanyoosha mkono nipokee simu nimpige. Akacheka, akanirudisha mkono mahali pake, akaja ubavuni kwangu. Kumbe mhusika ni mimi.

Sawa, moja haiui. Akaja kaka yake. Wakaja binamu. Akaja mama yao, na bibi, na mtoto mchanga akabandikwa kwenye mikono yangu bila mimi kuulizwa kama nina mafua. Mtoto akanitazama, akapiga ukelele uliozunguka kuta zote nne za hekalu, na familia nzima ikashangilia, wakasema tena, tena, safari hii akiwa analia. Mzee mmoja wa kofia nyeupe akajiteua msimamizi, akapanga foleni. Ndugu zangu, foleni! Nyuma yangu liko jiwe la miaka elfu na mia mbili na ushee, na wao wanalikata minara ili kitambi changu kitoshe kwenye picha.

"Nchi gani?" akauliza msimamizi. Nikakohoa kibalozi: "Tanzania." Kimya. Halafu binti mmoja wa mwisho wa foleni akapiga kelele: "Kili Paul!"

Hapo ndipo nilipokwisha. Unamjua kijana wetu yule wa lubega, anayefuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo mpaka Modi mwenyewe, waziri mkuu wa India, akamtaja redioni mwaka 2022. India yote inamjua. Foleni ikavunjika, ikawa duara. Wanataka niimbe. Nikawaeleza, polepole, kwamba nchi yetu ina watu milioni sitini na zaidi na hatufahamiani wote. Wakasikitika, wakaanza kupunguapungua, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni akiwa na surua, akasema kwa Kihindi chake cha bwenini: huyu ni baba mdogo wa Kili Paul.

Simu ngapi zilipanda juu sijui. Wimbo ukawekwa. Mimi mwenye presha, shati la kitenge limelowa, viatu mkononi kwa sababu nilikuwa nakwenda kwenye ile sehemu ya ndani isiyoingiwa na viatu, nikafungua mdomo na kuufunga, kwa ajili ya uhusiano mwema wa mataifa mawili. Mlinzi akaja mbio na filimbi. Nikasema asante Mungu, serikali imefika. Akapenya, akarekebisha kofia, akatoa simu yake.

Na kule kwenye ngazi mzungu mmoja alikuwa anapiga kwa mbali, bila hata kuomba. Huyo ndiye ningemwandikia tiketi ya 600. Wengine ningewatoza 40 tu, majirani. Ningerudi na nauli ya ndege, nakuambia! Badala yake mawe yameniunguza nyayo, maji yameisha, tumbili kaondoka na biskuti zangu, na nikimwambia mpwa anipige na mimi moja na hekalu, simu imezima. Imezima kwa sababu alikuwa ananirekodi. Nipo kwenye simu za nusu ya jimbo lao la Maharashtra, kwenye yangu sipo.

Jumatatu Ajanta imefungwa. Jumanne Ellora ndiyo inafungwa. Hawa walikaa kikao wakaafikiana namna ya kumlaza mgeni usiku mmoja zaidi.

Ajanta ni ya Wabudha watupu, mapango 30 kwenye ukingo wa korongo, ya zamani zaidi yana zaidi ya miaka elfu mbili. Rupia 600 tena. Gari lako linaishia njia panda, unapanda basi lao, na kabla ya basi unapita kati ya wauza mawe ya kung'aa ambao wote ni rafiki zako wa siku nyingi. Mbele kuna wanaume wanne wenye kiti cha kukubeba. Walinikagua tumbo, wakashauriana, wakataja bei iliyozidi ya mama aliyenitangulia. Nikapanda ngazi kwa miguu yangu na kwa hasira.

Pango la kwanza kuna mchoro wa Padmapani, mtakatifu wa Kibudha, ameshika ua la yungiyungi, macho kayainamisha. Ule ni uso wa mtu ambaye hajawahi kudaiwa na kikoba. Ningemkalia saa nzima, lakini kuna giza na mlinzi anakuhimiza utoke. La kumi, afisa wa Kiingereza John Smith, aliyetokea hapo akiwinda simbamarara mwaka 1819, alikwangua jina lake kwenye nguzo. Sasa liko juu kupita kimo cha mtu, maana enzi hizo sakafu ilikuwa imefukiwa na vifusi. Yeye kaandika, anatajwa na waongozaji. Ningeandika mimi, ningekuwa nawasimulia haya kutoka mahabusu.

Dada naye kapiga simu. Kasikia karibu na huku kuna Paithan, wanakofuma sari za hariri na nyuzi za dhahabu, basi nimletee moja, rangi ya maziwa, siyo nyeupe. Nikaingia dukani, nikakalishwa, nikapewa chai, wakafunua vitambaa mpaka sakafu ikapotea. Nikauliza bei. Nimemwambia dada kwamba sari zinafungwa Jumatano.