Jina la Kiselti halielezwi kwa neno moja

Orodha za majina ya wasichana ya Kiselti, yaani ya watu wa Ayalandi, Uskoti, Wales, Cornwall na Brittany, zimejaa mtandaoni, na karibu zote ni za mtindo mmoja: jina, kistari, maana yake kwa neno moja. Niamh, mng'ao. Carys, upendo. Mzazi anachagua linalomvutia, basi. Kwa maoni yangu, mzazi huyo amepunjwa.

Chukua Gwenllian, jina la Wales. Utaambiwa kwamba gwen ni "nyeupe", na wengi watadhani inasemwa rangi ya ngozi. Kwa Kiwelisi neno hilo hubeba pia baraka na utakatifu, na sisi tunaosema fulani ana moyo mweupe hatuna sababu ya kushangaa. Lakini hata hapo hujafika. Mwaka 1282 alizaliwa Gwenllian, binti wa Llywelyn, mtawala wa Wales. Mama yake alifariki akimzaa. Desemba mwaka huohuo baba yake akauawa vitani na majeshi ya Edward wa Kwanza wa Uingereza. Mtoto akachukuliwa angali mchanga, akafungiwa kwenye monasteri ya Sempringham asije akaolewa na kuzaa warithi wa kudai nchi. Aliishi humo mpaka alipokufa mwaka 1337. Mwaka 2009 kilele kimoja cha milima ya Eryri kilipewa jina lake: Carnedd Gwenllian. Ni orodha gani inayokueleza hayo?

Saoirse ni "uhuru", kweli, ila Waayalandi walianza kuwaita watoto hivyo karne ya 20 tu, kwa sababu zilezile zilizotupatia sisi akina Uhuru. Na si kila jina ni la kale. Fiona lilitokana na maandishi ya Mskoti James Macpherson, karne ya 18. Siobhán asili yake ni Kiebrania, likaingia Ayalandi na Wanormani. Kwangu yote mawili ni ya Kiselti, maana wenyewe wameyapokea na kuyalea. Hata akina Jenifer wetu wa Moshi na Kisumu wana jina la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, lililotoka kwa Gwenhwyfar, mke wa Mfalme Arthur.

Kinachoniuma zaidi ni watu kubadili tahajia ili jina "lisomeke". Huko Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, sheria ya Ufaransa ya mwaka 1803 iliruhusu majina ya kwenye kalenda na ya watu wa historia ya kale tu. Katika karne ya 20 wapo wazazi waliokataliwa kuandikisha watoto wao kwa sababu ya majina ya Kibretoni, wakahangaika mahakamani miaka na miaka. Uhuru wa kuchagua jina ulikuja mwaka 1993. Watu walioteseka hivyo kwa ajili ya herufi wanastahili tuziache herufi zao zilivyo. Ukimwita mwanao Niamh, liandike Niamh, na siku ya kwanza ya shule mwambie mwalimu linatamkwa Niv.